Posho ya Siku na Posho ya Juma

Kila asubuhi, katika nyumba nyingi za Bujumbura, baba huacha mezani posho ya siku hiyo kabla hajatoka kwenda kazini. Mama huihesabu, kisha hushika kikapu akaelekea soko la Ruvumera au la Kotebu. Jioni, chakula kikiwa haba, lawama humwangukia yeye: hajui kupanga.

Lawama hiyo si ya haki. Apewaye fedha ya siku moja hawezi kununua ila vya siku moja: fungu la maharage, mafuta ya mawese ya kujaza kifuko, makaa ya kuivisha chungu kimoja. Mchuuzi amenunua gunia zima, na faida anayoiweka juu ya kila fungu ni ujira wake wa kushinda juani. Lakini nyumba inayonunua fungu mara thelathini kwa mwezi hulipa faida hiyo mara thelathini.

Mzigo huu umezidi kuwa mzito tangu Mei 2023, Benki Kuu ilipoishusha thamani ya faranga. Na tangu soko kuu la mjini lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi walitawanyika katika masoko ya mitaa, na kulinganisha bei kukawa ni safari.

Posho ya juma zima ikitolewa Jumamosi, mambo hubadilika. Maharage, unga wa muhogo, mafuta, chumvi na makaa hununuliwa kwa kipimo kikubwa. Lengalenga na nyanya pekee ndizo zinazobaki za kila siku. Kilo moja ya maharage makavu ikishapikwa huzidi kilo mbili, na yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, makaa yakasalia. Chungu kimoja huweza kulisha siku mbili, mradi katika joto la mji huu kichemshwe vizuri asubuhi na jioni.

Ndagala nao wana majira yao. Wavuvi wa Tanganyika huwavuta kwa taa, na mbalamwezi ikijaa taa hupoteza nguvu, samaki wakaadimika na bei ikapanda. Mnunuzi mwenye fedha ya siku moja hukutana na bei hiyo mikono mitupu. Mwenye fedha ya juma huwa amekwisha kuweka akiba ya wakavu. Kadhalika maharage hushuka bei baada ya mavuno ya Januari na ya Juni, nao ndio wakati wa gunia.

Ni kweli kwamba mwashi na mchukuzi wa bandarini hulipwa kwa siku, wala hawana posho ya juma ya kutoa. Kwao, njia iliyo karibu ni wake wa nyumba tatu au nne kuchanga, kununua gunia moja na kuligawa kwa mizani, kila mmoja akishuhudia.

Lakini mwenye mshahara wa mwezi hana udhuru huo. Wengi wao husema kwamba fedha ikitoka yote kwa mara moja itakwisha Jumatano. Huenda ikawa hivyo katika juma la kwanza. Hata hivyo, daftari likiandikwa kila ununuzi, likasomwa na wote wawili Ijumaa usiku, litaonyesha fedha ilikokwenda, ikiwa ni pamoja na ile ambayo baba mwenyewe aliirudia Jumanne kwa ajili ya kinywaji.