Mkaa wa Goma na Risasi za Virunga

Gunia la mkaa laweza kununua risasi. Wanajeshi wetu waliokwenda Kivu ya Kaskazini mwaka 2013, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wanaifahamu ardhi inayothibitisha jambo hilo. Mji wa Goma, nchini Kongo, u jirani na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkaa wa mji huo, ambao wenyeji huuita makala, imetoka ndani ya hifadhi. Makundi yenye silaha, likiwamo la FDLR, yamewatoza wachomaji na wachukuzi ushuru wa haramu na kuendeshea vita. Askari wa hifadhi wanaoyakabili makundi hayo wamelipa kwa damu: tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa 12 kwa siku moja.

Je, dawa ni kuongeza vizuizi barabarani? Vizuizi vina kazi yake, lakini havitoshi. Mama mwenye kipato cha kutwa hununua mkaa wa kopo moja, kwa fedha aliyoipata siku hiyo. Mkaa ukizuiwa pasipo badala yake, bei hupanda, mlanguzi akanenepa, na mnyonge akalala njaa.

Ndiyo maana juhudi mbili zastahili kutazamwa. Kwanza, mradi wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007, uliwasaidia wakulima kupanda miti mashambani mwao, ili mkaa utoke nje ya hifadhi. Pili, mwezi Desemba 2015 kilizinduliwa kituo cha umeme wa maji cha Matebe, chenye megawati 13.8. Lakini waya kupita juu ya paa si moto jikoni. Gharama ya kuunganishiwa umeme na bei ya jiko humshinda maskini. Haki ni alipie jiko kwa mafungu, na umeme aununue kidogo kidogo, kama alivyozoea kununua kopo la mkaa. Haki hiyo yahitaji amani pia: waasi wa M23 walipoutwaa mji huo Januari 2025, mapigano yalikata umeme na maji.

Kwa askari, fundisho li wazi. Kizuizini hana budi kumtofautisha mchukuzi wa gunia moja na tajiri mwenye lori. Na anayepokea mlungula wa mwenye lori ajue kwamba anamnunulia adui yake risasi.