Dawa ya maumivu ikibadilishwa, chupa ya zamani iondoke

Leo tuzungumze na wale wanaouguza nyumbani mgonjwa wa saratani au maradhi mengine yasiyopona, ambaye maumivu yake yamefikia kuhitaji dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadoli, kodeini na mofini.

Nianze na kisa. Mzee mmoja mwenye saratani ya tezi dume alikuwa akimeza tramadoli. Maumivu yalipozidi, akaandikiwa mofini ya maji. Wanawe, kwa huruma, wakampa mofini na tramadoli pia, wakihofia ile mpya isitoshe. Siku ya pili nikaitwa. Nilimkuta haamki hata akitikiswa, anavuta pumzi moja moja, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alikimbizwa hospitali na, alhamdulillah, akazinduka. Wale vijana hawakuwa wazembe. Hakuna aliyewaambia kwamba mofini imechukua nafasi ya tramadoli.

Kwa nini dawa hubadilishwa?

Huenda ya kwanza imefika mwisho wa uwezo wake, au mgonjwa hawezi tena kumeza. Huenda pia figo zimedhoofika. Figo zikichoka, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini. Mgonjwa huweweseka, hustukastuka misuli na kusinzia kupita kiasi.

Miligramu hazilingani

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye hatari. Kwa makadirio, miligramu 100 za kodeini ya kumeza hukaribia nguvu ya miligramu 10 tu za mofini ya kumeza. Tena, tabibu akihama kutoka dawa moja kali kwenda nyingine, kwa kawaida hupunguza hesabu kwa robo hadi nusu, kwa kuwa mwili haujaizoea ile mpya. Hesabu hiyo muachieni yeye.

Mofini ya maji nayo si moja. Ipo yenye miligramu 5 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 50 katika mililita 5 zilezile. Kijiko ni kimoja, nguvu ni mara kumi!

Mambo ya kuzingatia

1. Muulize tabibu: "Ile ya zamani tunaiacha lini?" Akisema muiache, iondoeni kabisa chumbani kwa mgonjwa.

2. Someni nguvu iliyoandikwa kwenye kila chupa mpya. Pimeni kwa bomba la kupimia, si kijiko cha chai.

3. Andikeni saa na kiasi daftarini. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Anayepokea zamu asome kabla ya kutoa.

4. Akipewa plasta ya fentanili, jueni kuwa huchukua saa 12 au zaidi kuanza kufanya kazi vizuri, na ikibanduliwa, dawa hubaki mwilini kama siku nzima. Msiweke chupa ya maji moto juu yake.

5. Mgonjwa aliyekesha kwa maumivu anaweza kulala sana mwanzoni. Akiamka akiitwa, si hatari. Asipoamka, au pumzi ikiwa ya taratibu mno, msimpe dozi nyingine. Mpelekeni hospitali mara moja.

6. Mofini hufunga choo. Ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Dini inasemaje?

Wapo wanaoikataa mofini wakisema ni kilevi, au kwamba mgonjwa atashindwa kutamka shahada. Wanazuoni wameruhusu dawa hizi kwa haja ya matibabu, kwa kipimo cha tabibu. Na niliyoyaona vitandani ni kwamba maumivu makali ndiyo humnyima mtu swala na dhikri. Dozi iliyopimwa vyema humwachia akili yake.

Ramadhani ikifika, msizikusanye dozi za mchana zikatolewa pamoja wakati wa futari. Qur'an imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, mwacheni aitumie.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, nenda kaangalie kikapu cha dawa cha mgonjwa wako. Ukikuta dawa mbili za jamii hii na hujui kwa nini, muulize tabibu kabla ya dozi ijayo.

Allah awape wagonjwa wetu nafuu, na wauguzaji subira. Wabillahi tawfiq.