Maji ya Ihelele, Beseni na Mashine ya Kuoshea Vyombo

Mashine ya kuoshea vyombo haisugui. Ndani yake kuna pampu inayosukuma maji kwa nguvu hadi kwenye panga mbili au tatu zenye vitundu, na maji yanayochomoka humo ndiyo yanayozizungusha panga zenyewe na kuzipiga sahani kutoka chini na juu. Maji hayo hayo huanguka, hupita kwenye chujio, hupashwa moto na hita, kisha hurudi kuzunguka tena na tena. Wazo la kutegemea msukumo wa maji badala ya brashi ni la Mmarekani Josephine Cochrane, aliyepata hataza yake mwezi Desemba 1886. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner, wa kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza kwamba usafi wowote hutokana na mambo manne: joto, dawa, msuguano na muda. Kimoja kikipunguzwa, kingine hakina budi kuongezwa. Kwa kuwa mashine ina msuguano mdogo, hufidia kwa maji ya moto, sabuni kali na muda mrefu. Ubora wake kwa mazingira hutegemea jinsi inavyovipima vitatu hivyo, na zaidi ya hapo, hutegemea imekuja kuchukua nafasi ya uoshaji wa namna gani.

Hilo la pili ndilo husahaulika pale mtu wa Kahama, mkoani Shinyanga, anaposimama dukani na kuambiwa kwamba mashine inaokoa maji. Madai hayo yana msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu wa nchi kadhaa za Ulaya vyombo vichafu 140, yaani seti za watu 12, wavioshe kwa mkono kama walivyozoea nyumbani. Kwa wastani walitumia lita 103 za maji na uniti 2.5 za nishati. Mashine ya siku hizi huosha mzigo wa namna hiyo kwa lita 10 hivi na pungufu ya uniti 1. Tatizo ni kwamba wengi wa walioshiriki waliosha kwa maji ya moto, na bomba likiachwa wazi ndipo lita zinapokwenda. Mwaka 2020 utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulipima pia njia nyingine: beseni moja la maji ya moto yenye sabuni kwa kuosha, na la pili la maji baridi kwa kusuuza. Njia hiyo ilitoa hewa ya ukaa kidogo kuliko hata mashine.

Kwa beseni mbili ndivyo vyombo vinavyooshwa Kahama, iwe Nyasubi, Majengo au Mhungula. La kwanza lina povu, dodoki au stilwaya, la pili maji safi ya kusuuzia, kisha vyombo hupangwa juu ya kichanja vikaushwe na jua na upepo. Tofauti na beseni za Michigan, hapa hata la kwanza mara nyingi huwa na maji ya baridi. Hakuna umeme uliotumika, na ukaushaji ni bure kabisa, hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba ambapo sahani hukauka katika muda wa kupika chai. Anayeosha hivi hatapunguza madhara yoyote kwa kununua mashine, atayaongeza. Sababu zake za kununua zinaweza kuwa nzuri, kama vile kumpunguzia kazi mama au binti anayeinamia beseni kila siku, na hizo ni sababu za heshima. Ila zisiitwe uhifadhi wa mazingira.

Hesabu hubadilika katika nyumba za aina mbili. Ya kwanza ni ile yenye sinki na bomba la maji ya moto, ambapo kila sahani hupitishwa chini ya maji yanayotiririka. Nyumba za namna hii zimeongezeka Kahama pamoja na mapato ya dhahabu, tangu migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilipofunguliwa na biashara ya mji kupanuka. Ya pili ni ile inayochemsha maji kwa mkaa ili kuondoa mafuta ya ng'ombe. Kupasha lita 5 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji takribani gramu 120 za mkaa kwenye jiko la kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hupotelea hewani. Mkaa huo ulitokana na kuni zenye uzito wa mara tano hadi saba ya uzito wake, kwa tanuri za udongo zinazotumika porini. Mkoa wa Shinyanga unalijua deni hilo: mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianzishwa mwaka 1986 kwa sababu miti ilikuwa imekwisha, na miaka mingi ikatumika kurudisha ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma. Kwa nyumba inayowasha jiko la mkaa kwa ajili ya vyombo tu, mashine ya umeme inaweza kuwa nafuu kwa miti. Lakini ikiwa sufuria ya maji huwekwa juu ya makaa yaliyobaki baada ya kupika, joto lile lingepotea hata hivyo, na halihesabiwi.

Anayeamua kununua aanze na nishati kabla ya maji. Kahama ni mji uliosubiri maji muda mrefu, na ni kawaida kuwaza lita kwanza. Maji yake husukumwa kutoka Ziwa Victoria kwenye chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, katika mradi wa KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009. Hupandishwa kilimani Mabale kabla ya kuteremka kuelekea Shinyanga na Kahama. Safari hiyo inatumia umeme, ila kwa kiasi kinachoshangaza: kuinua lita 1 kwa kila mita 100 kunahitaji, kwa kanuni ya fizikia, robo tu ya sehemu ya elfu ya uniti. Kuipasha moto lita hiyo hiyo kwa nyuzi 25 kunahitaji sehemu 29 za elfu, zaidi ya mara 100. Pampu halisi hupoteza nguvu nyingi njiani, lakini hata hivyo maji baridi yanabaki kuwa mzigo mdogo mbele ya maji ya moto. Mashine mbili zikitofautiana kwa lita 1 tu ya maji lakini moja ikala robo zaidi ya umeme, umeme ndio uamue.

Takwimu hizo zipo kwenye lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, ambayo huonekana kwenye mashine nyingi zinazofika Dar es Salaam na Mwanza. Tangu Machi 2021 lebo hiyo ina madaraja A hadi G, bila zile alama za kujumlisha za zamani. Namba kubwa ya katikati ni uniti zinazotumika kwa kuosha mara 100, na chini yake huandikwa idadi ya seti, lita kwa kila mzunguko na muda. Mashine ya seti 14 ya daraja D hutumia uniti 85 hivi kwa mizunguko 100, ya daraja E 95, na ya daraja A karibu 54. Kwa bei ya umeme ya takribani shilingi 350 kwa uniti, mzunguko mmoja wa daraja D hugharimu kama shilingi 300. Majaribio ya lebo hufanyika kwa maji ya nyuzi 15, ilhali maji ya bomba Kahama ni vuguvugu zaidi, hivyo matumizi halisi hapa huwa chini kidogo ya yaliyoandikwa.

Namba hizo ni za programu ya eko peke yake. Programu hiyo hupasha maji hadi nyuzi 50 hivi na huchukua saa tatu hadi nne, jambo linalowafanya wengi waikimbilie ile ya haraka wakidhani muda mfupi ni umeme mdogo. Ni kinyume chake, kama kanuni ya Sinner inavyoonyesha: kinachopunguzwa kwenye muda hulipwa kwa joto.

Ukubwa unataka uangalifu zaidi kuliko daraja. Lebo huhesabu seti za mezani za Kizungu, zenye sahani tatu, glasi, kikombe na kisosi kwa kila mlaji. Familia ya Kahama inayokula ugali na mlenda, au wali wa sinia, huchafua sahani chache na sufuria nyingi. Seti 14 zinaweza kuchukua siku mbili kujaa, na mashine inayoendeshwa nusu tupu hutumia karibu maji na umeme ule ule. Kwa watu watano au sita, mashine nyembamba ya upana wa sentimita 45, yenye seti 9 au 10, mara nyingi inatosha.

Tena vyombo vingi vya jikoni haviruhusiwi kuingia. Sufuria ya alumini ndiyo ya kwanza. Sabuni ya mashine ni ya alkali kali, nayo hula utando mwembamba wa oksidi unaoilinda alumini. Sufuria iliyoingia iking'aa hutoka na rangi ya kijivu iliyoparara, na ukipitisha kidole ndani kinatoka na weusi. Mwiko wa mti hupasuka kwa kulowa na kukauka, chungu hunyonya sabuni, na hotpoti ya plastiki huweza kujikunja. Basi beseni litaendelea kuwapo, na mwenye kununua apige hesabu ya vile vinavyoingia tu: sahani za udongo na melamini imara, glasi, vikombe, vijiko, sufuria za stili.

Ukoko wa ugali una habari yake. Wanga uliopikwa na kukauka hushika kama gundi, na maji peke yake huutelezea. Sabuni nzuri za mashine zina vimeng'enya: amilesi huuvunjavunja wanga, protesi huvunja protini ya maharage na nyama. Vimeng'enya hivi hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 50, na joto kali huviharibu, kwa hiyo walaji wa ugali wana sababu zaidi ya kubaki kwenye eko. Sahani zikwanguliwe makombo kwa kijiko, zisisuuzwe bombani kabla ya kuingia, maana hapo ndipo maji yaliyookolewa hupotea. Chujio lisafishwe kila baada ya siku chache, hasa kwa wala wali, kwa kuwa punje huziba vitundu vya panga.

Chagua sabuni isiyo na fosfati. Ulaya iliibana tangu Januari 2017 kwa sababu fosforasi hurutubisha mwani na magugu ya majini, na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wamehangaika na magugumaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Chumvi ya mashine nayo itumike kwa kipimo. Kazi yake ni kusafisha kifaa kinachopunguza ugumu wa maji, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, kwa hiyo kifaa hicho kiwekwe kwenye daraja la chini kabisa. Anayetumia kisima aulize kwanza, kwani maji ya ardhini Shinyanga hubadilika sana kutoka eneo hadi eneo. Maji yanayotoka mashineni yaingie shimoni, yasimwagiwe mchicha: sodiamu na alkali yake huharibu udongo, tofauti na maji ya kusuuzia ya beseni ambayo migomba huyapokea vizuri.

Msukumo wa maji upimwe kabla ya kulipa. Mashine nyingi hutaka walau baa 0.3 hadi 0.5, na kila mita 10 za kimo hutoa takribani baa 1. Simtanki lililoinuliwa mita 3 liko mpakani, na la mita 5 ni salama. Hita huvuta wati 1,800 au zaidi, hivyo inveta ndogo ya sola haitaiweza. Mwenye mfumo mkubwa wa paa aiwashe saa sita mchana.

Mtumba una mtego wake. Mashine ya miaka ya 1990 inaweza kumeza lita 20 au zaidi kwa mzunguko, na iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani haifai kwenye volti 230 za hapa. Mpya iliyouzwa Ulaya tangu 2021 ina nafuu moja kubwa: sheria za huko zinamlazimu mtengenezaji kuweka vipuri kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli, na baadhi, kama mipira ya mlango na vikapu, kwa miaka 10. Kabla ya kuchagua, aulizwe fundi wa Kahama au Mwanza ni pampu ya mashine ipi anaweza kuipata. Mashine iliyotengenezeka kwa miaka 12 ina mzigo mdogo wa chuma na plastiki kwa kila sahani kuliko ya daraja A inayoishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu baada ya miaka 4.