Darasa la tano bado liko kichwani mwako?

Umewahi kunyamaza kwenye kikao ilhali jibu unalo mdomoni? Usione aibu, tuko wengi. Mtu ana ndevu, ana mke na watoto, lakini akiambiwa "hebu simama uongee", magoti yanagongana kama yuko darasa la tano. Siyo kwamba hajui. Anakumbuka.

Mimi nimesoma shule ya msingi hapa hapa Dar es Salaam, madawati ya kubanana watatu watatu. Siku ya kufunga shule matokeo yalisomwa mstarini, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Walioburuza mkia walizomewa, jamani, mpaka machozi! Mmoja wao nilikaa naye dawati moja. Leo ni fundi umeme, tena fundi kwelikweli. Hitilafu iliyowashinda wenzake yeye anaimaliza dakika kumi. Mwaka jana bosi wake alitaka kumpa usimamizi. Akakataa! Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Mimi kilaza bwana, ripoti nitaziandikaje?" Hebu ona, neno la mstarini bado linamnyima mshahara.

Mimi hesabu zilinipiga chenga, lakini nilibahatika. Mwalimu wa Kiswahili alinipa kazi ya kusoma taarifa ya habari mstarini kila Ijumaa. Wiki ya kwanza sauti ilitetemeka, ya pili ikatetemeka, ya tatu nikazoea. Mwalimu yule hakunipa akili mpya. Alinipa nafasi, na ujasiri ule ndio ninaoutumia mpaka leo.

Wataalamu nao wameligusa jambo hili. Mwaka 1968, Wamarekani Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa kitabu kuhusu utafiti wao katika shule moja ya msingi huko California. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani wako karibu kuchanua kiakili. Kumbe majina yale yaliokotwa tu kama bahati nasibu! Mwisho wa mwaka, hasa madarasa ya chini, watoto hao walipanda kuliko wenzao. Wasomi wamebishana sana juu ya utafiti ule, ila swali lake halijafa: mtoto anayetazamwa kama kilaza atajionaje?

Sasa msikie John Gurdon wa Uingereza. Mwaka 1949, akiwa shule ya Eton, alikuwa wa mwisho katika baiolojia kati ya wavulana 250. Mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba ndoto yake ya kuwa mwanasayansi ni kichekesho. Mwaka 2012 Gurdon akapata Tuzo ya Nobel ya tiba! Ripoti ile hakuichoma. Aliitia fremu, akaitundika ofisini kwake.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Mtoto anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakutana na ung'eng'e mtupu. Aliyekuwa kipanga ghafla anakuwa bubu. Hajapoteza akili, amebadilishiwa lugha. Lakini nani amemwambia hivyo? Anajihesabu mjinga, na ndoto ya udaktari anaizika mwenyewe kimya kimya.

Afadhali mambo yameanza kubadilika. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Lakini orodha iliyoko kichwani mwako hakuna baraza litakaloifuta. Hiyo ni kazi yako.

Fanya hivi. Chukua karatasi, andika jina la utani ulilopewa shuleni. Andika nani alikupa, na ulikuwa na umri gani. Halafu jiulize: hivi kweli mtu mzima kama mimi nachaguliwa kazi, mchumba na biashara na maneno ya watoto wa miaka kumi na moja? Ripoti ile ilipima muhula mmoja tu, na muhula wenyewe ulishakwisha.

Na wewe mzazi, mwanao akileta ripoti jioni, usikimbilie namba aliyoshika. Muulize kwanza somo gani limemfurahisha. Jibu lako la siku hiyo atalibeba mpaka uzeeni.