Mbeya, Ujerumani au Uingereza: piga hesabu kabla ya kusaini

Ukipata ofa ya utafiti baada ya uzamivu, macho hukimbilia kwenye mshahara. Anza na tarehe. Hela yako mwenyewe itaanza kutoka lini, na mshahara wa kwanza utaingia lini? Kwa mtu ambaye kwao ni Ivuna, kwenye Bonde la Rukwa, na ambaye ndugu wameshachangishana vya kutosha mpaka akafika kwenye udaktari wa falsafa, pengo kati ya tarehe hizo mbili ndiyo bei halisi ya kazi.

Nawalenga hasa wanaosomea kinga ya mwili katika uzazi: jinsi mwili wa mama unavyomstahimili mtoto ambaye nusu ya vinasaba vyake ni vya baba, na kwa nini maradhi fulani humwandama mama zaidi akiwa mjamzito. Bonde la Rukwa lina malaria, kwa hiyo fani hii inawahusu akina mama wa huku moja kwa moja. Vimelea vya malaria hujishikiza kwenye kondo la nyuma. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hana kingamwili za kuving'oa. Huzipata kadiri anavyorudia kubeba mimba. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walieleza jinsi vimelea hivyo vinavyojishikiza, wakitumia sampuli za akina mama wa magharibi mwa Kenya. Baadaye kazi yao ilihamia Muheza, Tanga. Unapotafuta nafasi katika fani hii, usisahau kwamba bidhaa adimu, yaani kondo lenyewe na mama mwenyewe, iko upande wetu.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu ndiyo inayoumiza mfuko mapema. Kwa viwango vya 2025, viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi isiyozidi miaka mitatu ilikuwa pauni 769. Hiyo ndiyo bei inayotajwa. Isiyotajwa sana ni ada ya huduma ya afya: pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na miaka yote hulipwa kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Mkataba wa miaka mitatu unafanya pauni 3,105. Jumlisha viza, unafika pauni 3,874, zaidi ya shilingi milioni 12 za Tanzania. Hapo hujanunua tiketi, hujapima kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, wala hujalipa pango. Ukiongozana na mwenzi, ada hizo zinajirudia. Juu ya hayo, unatakiwa uonyeshe pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28, isipokuwa mwajiri akubali kuandika kwamba atakutunza mwezi wa kwanza.

Waajiri wengi hurudisha sehemu ya fedha hizo. Neno la kuchunguza ni "hurudisha". Anayerudishiwa lazima kwanza awe nazo, na milioni 12 za kukopa mtaani kwa riba ya kila mwezi zitakuwa zimekula faida yote kabla ofisi ya fedha haijapitisha risiti zako. Uingereza ni nafuu pale tu barua inaposema mwajiri atalipa ada ya viza na ya afya moja kwa moja, kwa kadi yake, siku ya maombi.

Ujerumani ni tofauti kabisa. Viza ya kitaifa ni yuro 75, kama laki mbili na ushee. Ukishafika, kibali cha ukaazi hakizidi yuro 100. Bima ya afya haidaiwi kwa mkupuo; inakatwa kwenye mshahara, nusu unalipa wewe na nusu mwajiri. Mwenzi asiye na kipato na watoto wanaingia kwenye bima hiyo ya umma bila nyongeza. Kwa mwenye familia, kipengele hiki peke yake kinaweza kumaliza ubishi.

Makato yapo, tena makubwa. Mtafiti aliyemaliza uzamivu huwekwa kwenye daraja la E13, ambalo kwa 2025 lilianzia zaidi ya yuro 4,500 kwa mwezi. Asiye na familia huondoka na kama asilimia 60 ya hiyo. Kuna pia ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wageni wengi huigundua deni likishalimbikizana. Pango ndilo kikwazo cha mwanzo: mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Lakini sheria inakupa haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, na wapangishaji hawakutangazii. Idai. Ukiondoka kabla ya kufikisha miaka mitano ya michango ya pensheni, na ukaishi nje ya Umoja wa Ulaya, baada ya miezi 24 unaweza kuomba urudishiwe sehemu uliyokatwa wewe.

Kuna mtego mmoja mkubwa Ujerumani, nao ni ufadhili unaofanana na ajira. Barua mbili zinaweza kutaja hela zinazokaribiana: moja ni mkataba wa kazi, nyingine ni posho ya ufadhili. Yenye posho huonekana nono kwa sababu haina makato, lakini bima unajilipia mwenyewe, pensheni hakuna, na mkataba ukiisha huna haki ya kudai mafao ya kukosa kazi. Tafuta kwenye barua kama wewe ni mwajiriwa. Ikikwepa kusema, uliza kwa maandishi.

Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya ni mzuri na unaheshimika, ila soma kiwango chake kwa uangalifu: hela inayotangazwa ni gharama nzima ya mwajiri, kwa hiyo makato ya mwajiri na yako yote yanatoka humo humo. Maombi kwa kawaida hufungwa Septemba na majibu huja Februari. Anayetakiwa kuamua mwezi huu auombe kwa ajili ya mwakani, asiutegemee kwa kodi ya nyumba.

Marekani naipita. Masharti ya viza huko yanabadilika kwa kasi ambayo mwenye akiba ndogo hawezi kuimudu.

Sasa nyumbani. Mbeya ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chenye ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Munich, na kina uzoefu wa kupima kinga ya mwili katika majaribio ya chanjo za virusi vya UKIMWI. Taasisi ya Afya Ifakara iko Bagamoyo pia, Moshi kuna taasisi ya utafiti ya KCRI, na Mwanza kuna kitengo cha MITU, kilichojaribu dozi moja ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana. Ukivuka mpaka kuna vituo vya utafiti vya Kilifi, Kenya, na Entebbe, Uganda. Hivyo vilinganishe na Mbeya kwa swali moja tu, nani analipia kibali cha kazi.

Mshahara wa nyumbani ni mdogo, tusidanganyane. Kinachozidi shilingi milioni moja kwa mwezi kinakatwa kodi ya asilimia 30, mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua chake, na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Deni hilo halifutiki ukienda Ulaya, kwa hiyo lihesabu kote kote. Ila gharama ya kuanza kazi ni nauli ya kupanda kutoka bondeni hadi lami ya TANZAM na kodi ya chumba. Hakuna ng'ombe anayeuzwa.

Gharama iliyofichika nyumbani iko maabara. Kemikali za kutambulisha chembe za kinga huagizwa nje, husafiri kwenye ubaridi, na zikikwama bandarini au uwanja wa ndege unalipwa mshahara bila kuzalisha matokeo. Mashine ya kuchambua chembe ikiharibika, fundi anaweza kutoka nchi nyingine. Kabla ya kusaini uliza: mashine ina mkataba wa matengenezo? Nani aliitumia mwezi uliopita? Ada ya kamati ya maadili iko kwenye bajeti ya mradi au itakufuata wewe?

Upande wa pili wa mizani kuna kondo. Mama akijifungua saa nane usiku, chembe hai za kinga zinatakiwa zitolewe kondoni ndani ya saa chache; ukichelewesha au ukiligandisha zima, umepoteza sehemu kubwa ya ulichokuwa unatafuta. Anayefanya kazi hatua chache kutoka wodi ya wazazi Mbeya ana kitu ambacho maabara ya Ulaya, kwa mashine zake zote, haiwezi kununua. Huko utapata makondo ya akina mama wasiougua malaria, au vichupa vilivyosafirishwa kutoka kwetu.

Kuhusu sampuli zetu kupelekwa ng'ambo namna hiyo, Ivuna ina historia yake. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo chenye uzito wa gramu kama 700, kikawa miongoni mwa mawe adimu kabisa duniani, na kundi zima la vimondo likapewa herufi ya I ya Ivuna. Vipande vyake vinachunguzwa na kuandikiwa makala katika maabara za ng'ambo. Ndiyo maana nakuhimiza usome mkataba wa kusafirisha sampuli kwa umakini ule ule unaosomea mshahara: zinabaki za nani, nani ana haki ya kuzitumia tena, na jina lako linakaa wapi kwenye makala.

Kwa mwenye akiba chini ya milioni tatu, ushauri wangu ni huu. Chukua nafasi ya nyumbani iliyoambatanishwa na miezi kadhaa ya mafunzo ya kulipiwa Ulaya. Mbeya na Munich ni njia ambayo tayari ipo. Kama nafasi hiyo haipo, mkataba wa ajira wa Ujerumani ndio unaofuata. Uingereza iwe ya tatu, hata kama mshahara wake ndio mkubwa kwenye karatasi.

Ofa nyingi hukupa wiki moja au mbili. Leo andika barua pepe yenye maswali manne: viza, afya, tiketi na kodi ya mwezi wa kwanza, nani analipa na siku gani. Omba muda uongezwe mpaka jibu lije kwa maandishi. Na yeyote anayekudai ada ya maombi ili akupatie nafasi hizi, usimtumie hata shilingi.