Nyumba Yako Ingepata Nyota Ngapi?

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Je, mpenzi msomaji, siku ulipokwenda kutazama nyumba ya kupanga kule Magongo, Mtopanga au Mtongwe, ulitazama nini? Bila shaka uliuliza kodi, maji, choo na usalama wa mtaa. Lakini uliinua macho ukatazama paa? Ulisimama katikati ya chumba uone kama upepo unapita?

Anayenunua friji ana bahati kukushinda. Kanuni za serikali za mwaka 2016 zilitaka friji na viyoyozi vinavyouzwa nchini vibandikwe lebo yenye nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota zikizidi, stima inayotumika hupungua. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2007 ilianza kutaka nyumba zinazouzwa ziwe na cheti cha herufi, kutoka A hadi G. Huko kwenye baridi, nyumba hupimwa jinsi inavyozuia joto lisitoke. Sisi wa pwani twataka kinyume chake, joto lisiingie!

Mpangaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe haonyeshwi cheti wala nyota. Mwenye nyumba ndiye huchagua mabati na mahali pa dirisha, lakini anayenunua tokeni ni wewe.

Hebu tupige hesabu. Feni ya wati 75 ikizunguka saa 10 kila usiku, kwa siku 30 itakula yuniti 22 na nusu. Katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya nyumbani iliwekewa wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Ukitoa za feni, unabaki na yuniti saba na nusu za taa, televisheni, pasi na friji. Zitatosha kweli? Kwa hiyo chumba kinachokulazimu kuwasha feni hadi alfajiri kinaweza kukutoa kwenye bei ya wanyonge.

Basi, kwa kuwa hakuna anayekupimia, jipimie mwenyewe. Kila jambo nyota moja.

Nyota ya kwanza ni paa. Mombasa jua hupita karibu na utosi, hivyo paa hupigwa kuliko ukuta. Mabati matupu bila dari hugeuza chumba kuwa tanuri. Dari, makuti, au mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, hayo hustahili nyota.

Ya pili ni upepo. Kusi hutoka upande wa kusini, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Dirisha moja pekee halitoshi, kwani upepo ulioingia hutaka pa kutokea. Wazee waliojenga nyumba za Kiswahili zenye ukumbi mrefu kutoka mlango wa mbele hadi uani walijua walifanyalo.

Ya tatu ni kivuli. Ukuta wa magharibi ukipigwa na jua la alasiri, jioni hukurudishia joto lote ukiwa kitandani. Mwarobaini, mwembe au hata upenu wa makuti huukinga.

Ya nne ni taa na friji. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula yuniti tisa kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati tisa, yenye mwanga unaokaribiana na huo, haifikishi yuniti moja na nusu. Friji nayo isiegemee ukuta wala kukaa karibu na jiko. Bana noti mlangoni mwake. Ikichomoka kwa urahisi, mpira umechoka na baridi inavuja.

Ya tano ni jiko. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi likilinganishwa na la bati tupu. Lipikie uani au barazani, joto na moshi wake visiingie ndani. Kamwe usilale nalo chumbani, kwani hewa yake huua bila harufu.

Ukipata nyota moja au mbili usihame kesho. Balbu na mahali pa friji ni juu yako. Dari na rangi ya paa mwendeeni mwenye nyumba pamoja, wapangaji wote wa ua mmoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Nanyi wanafunzi, someni wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo, zidisheni kwa saa kinazotumika, kisha gawanyeni kwa 1,000. Hizo ndizo yuniti. Waonyesheni wazazi jibu kabla hawajanunua tokeni nyingine.