Kwa nini maji ya mto hupimwa mahali pengi

MAJI ya Mto Nairobi huanza safari yake katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Hupitia jijini, yakaungana na yale ya mito ya Mathare na Ngong, kisha yakaingia Mto Athi. Huko mbele Athi hubadilika jina ukaitwa Galana, halafu Sabaki, hadi unapoingia Bahari Hindi karibu na Malindi.

Kwa hivyo, uchafu unaomwagwa jijini humfikia pia mkulima wa Machakos au Makueni anayenyunyizia mboga na kunywesha mifugo. Anapotaka kujua ni nani aliyeuleta, chupa moja ya maji haiwezi kumjibu.

Ndiyo maana wataalamu huweka vituo vya kupimia juu na chini ya kila mahali panaposhukiwa. Maji yakiwa safi kabla ya mfereji wa kiwanda na machafu baada yake, chanzo hujulikana. Pasipo kipimo cha juu, kila mshukiwa atadai kuwa uchafu ulitoka kwa jirani.

Joto, kiwango cha asidi na oksijeni iliyomo majini hupimwa papo hapo mtoni kwa sababu hubadilika upesi. Sampuli za kutafutia bakteria huwekwa kwenye barafu na kufikishwa kwenye maabara kabla ya saa 24 kupita. Kipimo kingine huonyesha kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu. Hicho huchukua siku tano, na kadiri uchafu ulivyo mwingi ndivyo samaki wanavyokosa hewa.

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliruhusu kiasi hicho kisizidi miligramu 30 kwa lita katika majitaka yanayoelekezwa mtoni. Aidha, zilitaka chanzo cha maji ya matumizi ya nyumbani kisiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100.

Wakati wa kupima pia una uzito. Mvua husomba kinyesi, taka na mbolea hadi mtoni, ilhali kiangazi hupunguza maji na kuuacha uchafu ukiwa mzito. Isitoshe, majitaka yakifunguliwa usiku, anayepima adhuhuri mara moja kwa miezi mitatu huenda asione lolote.

Hapo wakazi wanaweza kusaidia. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo wanachama wake huuona mto kila siku. Mabuu ya wadudu wasiostahimili uchafu yakitoweka chini ya mawe, hiyo ni dalili kwamba maji yaliharibika, hata kama leo yanaonekana maangavu.

Dalili hiyo pekee haimtii mtu hatiani. Hata hivyo, ikiambatana na rekodi za vituo vya juu na chini, zenye tarehe na saa, mkulima huwa na ushahidi wa kuwasilisha katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.